Taa Nne Juu, Altaneta Ya Kuzaliwa Nayo

Wanangu, ukipita Junda jioni, kuanzia stejini mpaka kule chini kwenye mikoko, hutakosa kuona Land Cruiser ya tua imeegeshwa mahali. Mbele ina baa ya LED, juu ya paa kuna spoti, kwenye bampa kuna winchi. Ndani kuna friji ya vinywaji vya wageni, inveta ya kuchajia kamera, na sehemu sita za kuchomeka simu. Inapendeza bana, siwezi kudanganya. Sasa fungua boneti. Altaneta ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, na waya wa athi umeota kutu ya kijani kama kitu kilichookotwa baharini.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna watu watanuna: mwenye gari anayefunga vitu vyote hivyo bila kuongeza umeme wa kuviendesha anamkopa dereva wake bila kumwuliza. Juu betri ikifa, maneno huwa ni yaleyale. "Wewe ndo uliacha friji inawaka." Na pesa ya betri mpya inakatwa kwa posho ya safari. Madereva wa mtaani wanalijua hili, hawalisemi tu kwa sababu kesho wanataka kuitwa tena.

Chuo mimi niliacha, kwa hivyo sitawapigia mhadhara, lakini hesabu yenyewe ni ya kugawanya tu. Baa ya LED wati 180. Spoti mbili za wati 50, hizo 100. Friji 60. Inveta 300. Simu sita za wati 10, hizo 60. Jumla wati 700. Gari ikiwa inachaji huwa kwenye volti 14 hivi, kwa hivyo gawanya kwa 14, unapata ampea 50. Hapo hujawasha taa kubwa, feni wala waipa, ambazo ni kama ampea 25 tena. Sasa altaneta imeandikwa ampea 80, mwenye gari anasema si inatosha? Haitoshi. Ile 80 inatoka injini ikizunguka kwa kasi. Gari ikisimama inanguruma polepole, unaweza kupata nusu yake au chini, na joto la boneti linapunguza tena.

Na kazi ya safari ni nini kama si kusimama? Mnaingia Tsavo East asubuhi, mnakuta simba chini ya mti, mnazima injini nusu saa wageni wapige picha. Friji inakula, inveta inakula, redio iko hewani. Mnasogea mita mia mbili, mnazima tena. Fanya hivyo mara saba halafu uzungushe ufunguo, usikie ile "tik" moja kavu. Kwa barabara ya Mtwapa ungeita vijana wasukume. Mbugani sheria za KWS hazikuruhusu kushuka ovyo, ila sehemu zilizotengwa, na wewe una simba dirishani. Hapo unangoja gari nyingine ipite ikujampu, na mgeni anaandika simu kwa aliyemuuzia safari.

Dawa ambayo wengi wanakimbilia ni betri ya pili. Manze, sisi watu wa Kisauni tunafaa kuwa wa kwanza kuelewa kwa nini haisaidii peke yake. Mfereji ukitoa maji kwa matone, kununua tangi la pili hakuongezi maji. Unakuwa tu na matangi mawili yasiyojaa. Mfereji hapa ni altaneta, na bomba ni waya.

Kwa hivyo anza na mita ya volti, kitu kidogo tu. Asubuhi kabla ya kuwasha, betri nzima inasoma kama 12.6. Washa injini, iwe 13.8 mpaka 14.4. Sasa washa kila kitu, taa, friji, feni, zote. Ikishuka chini ya 13, betri ndiyo inalipa bili, si altaneta. Halafu angalia athi, ya betri kwa bodi na ya injini kwa chasisi. Hewa yetu ya chumvi inazila kimyakimya. Kuna gari inayohitaji sandpepa na waya mnene tu, basi.

Ikibidi altaneta kubwa, waya wake wa kwenda kwa betri nao uwe mnene, fyuzi ikae karibu na betri, na fundi aangalie kama beltu itaweza kuivuta bila kuteleza. Fundi akikufungia ampea 150 kwa waya ule wa zamani, hajakuongezea umeme, amekuwekea jiko chini ya boneti. Baada ya hapo ndo uzungumze betri ya pili, na rilei ya kuitenga ile ya kuwashia, ili friji ikimaliza yake injini bado inawaka. Betri za lithiamu nazo zimekuwa fasheni, lakini zinavuta umeme wote zinaopewa bila kupumua. Ukiziunganisha moja kwa moja, altaneta inaweza kuungua. Zinataka chaja yake ya katikati. Winchi usiihesabu, ikikaza kabisa inafika ampea 400 na hakuna altaneta ya kawaida ya kuilisha. Washa injini, vuta kidogo, pumzika.

Kinachoniudhi zaidi ni sisi wa kamera. Video za kufunga baa mpya ni tele, muziki juu, taa inawaka, watu wanashangilia. Athi haina mvuto kwa simu, naelewa. Lakini nionyeshe mtu anayerudi kwa gari ileile baada ya miezi sita aonyeshe mita. Na hizo baa kwanza mnawasha wapi? Mbugani usiku hamruhusiwi kuzurura. Mnazimulika lori za watu kutoka Voi mpaka Mariakani.

Jumamosi hii nakuja na mita hapo gereji ya stejini Junda. Dereva yeyote wa tua alete gari tupime bure, na namba nitamwandikia kwa karatasi ampelekee mwenye gari.