SQL Tuiandike Wenyewe

Wenzangu wengi tunaosoma nao programu hapa Nile Magharibi wamejiaminisha kwamba SQL ni kazi ya wazee. Ukiwauliza data inatokaje kwenye hifadhidata, watakujibu "Django inaleta" au "Hibernate inaleta", kana kwamba wanamsema mtoto aliyetumwa chumvi dukani. Napinga tabia hii, na ninaipinga hasa kwa sababu tunajiandaa kuwajengea mifumo watu wa mbali na Kampala.

Chukua orodha ya wagonjwa 200, kila mmoja na kijiji chake. Kwa SQL ya mkono ni swali moja lenye JOIN. Asiyejua SQL ataandika kitanzi cha mistari mitatu, kizuri kabisa machoni. Fremuweki itatuma swali moja kupata wagonjwa, kisha swali jingine kwa kila mgonjwa kupata kijiji. Jumla 201. Kwenye kompyuta ya maabara, ambako hifadhidata imo humohumo, hutaona kitu. Sasa weka programu Ajia na hifadhidata Kampala, kila swali lichukue milisekunde 80 kwenda na kurudi. Muuguzi atakodolea macho ukurasa mtupu kwa sekunde 16, na foleni iko mlangoni.

Wataniambia Django ina select_related ya kuzuia hilo. Ndiyo, inayo. Lakini anayejua aitumie lini ni yule anayeielewa JOIN.

Hoja yao nyingine ni kwamba fremuweki inakuruhusu kuhama hifadhidata bila kuandika upya. Basi tuitazame DHIS2, iliyojengwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Wizara ya Afya ya Uganda inaitumia. Ripoti za kila mwezi za HMIS 105 kutoka vituo vya Arua na Koboko huishia humo. Imeandikwa kwa Java, na Hibernate imo. Zamani iliweza kukaa hata juu ya MySQL. Leo inataka PostgreSQL. Na takwimu za uchambuzi, ambako mzigo ni mkubwa, hutolewa kwenye majedwali maalumu kwa SQL iliyotungwa na wajenzi wenyewe.

Sisemi fremuweki itupwe. Kuandika INSERT ya fomu yenye sehemu 40 ni adhabu tu. Tena anayebandika jina la mgonjwa ndani ya swali kwa alama ya kujumlisha anawafungulia wezi mlango, ingawa dawa yake ni vigezo, na hivyo havihitaji fremuweki.

Ombi langu kwa wahadhiri: mradi wa mwaka wa mwisho usipokelewe mpaka mwanafunzi atoe maswali yote yanayotumwa na ukurasa mmoja wa mfumo wake, ayaeleze moja baada ya jingine mbele ya darasa. Akishindwa, arudi kwenye somo la hifadhidata.