Nyumba za Mawe za Bagamoyo Zipewe Wanafunzi
Na Zainabu Mwinyikai, Vingunguti

Wakazi wa Vingunguti wanaokwenda Bagamoyo siku za mapumziko hufuata zaidi ufukwe na samaki, ilhali mji huo, ulio takriban kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, ni mji wa elimu. Hapo ndipo ilipo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa, iliyoanzishwa mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa, ambako vijana husomea ngoma, maigizo, muziki na uchongaji kando ya bahari, si mbali na magofu ya Kaole yenye msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13.

Urithi ulio hatarini zaidi ni nyumba za mji mkongwe, zilizojengwa kwa matumbawe, yaani mawe ya baharini, yakashikamanishwa kwa chokaa na kuezekwa juu ya boriti za mikoko. Nyumba ya namna hiyo haianguki kwa siku moja: paa likivuja, maji ya masika hulainisha chokaa, boriti huoza pale zinapoingia ukutani, dari hubomoka, kisha mti huota juu ya ukuta uliobaki. Anayeweza kuizuia hali hiyo ni mtu anayelala ndani, kwa kuwa ndiye anayeliona tone la kwanza.

Mtu huyo anaweza kuwa mwanafunzi. Aberystwyth, mji mdogo wa pwani ya Wales, ulifungua chuo kikuu mwaka 1872 ndani ya jengo lililokusudiwa kuwa hoteli, jirani na magofu ya ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1277. Jengo hilo lilipoungua mwaka 1885 lilijengwa upya, na masomo yakaendelea humo.

Bagamoyo ina sababu nzito zaidi ya kuyapa masomo majengo yake. Mgeni huonyeshwa misheni ambako mwili wa mvumbuzi Livingstone ulilazwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar, jambo ambalo si baya. Lakini Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa mji huo aliyefundisha Kiswahili Berlin na ambaye kitabu chake kuhusu desturi za Waswahili kilichapishwa mwaka 1903, anastahili walau chumba. Serikali ikarabati nyumba moja ya mawe, iikabidhi TaSUBa iwe bweni na maktaba ya maandishi ya Mtoro, ili wanafunzi wanaotoka Vingunguti wasome na kulala humo badala ya kurudi kwa basi la jioni.