Mazungumzo ya Nyumbani: Mchezo Ulio Mfano wa Bingo

Naandika kutoka Magomeni. Sisemi ile ya Dar es Salaam, bali hii yetu ya Kilosa.

Mwezi uliopita mama mmoja mjane wa mtaani kwetu alinijia jioni, akaketi, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, mwanangu hakai nyumbani. Kila apatapo sarafu huipeleka kwenye mashine za kamari. Juzi alipeleka fedha za unga, tukalala kwa uji wa kuazima. Nikimgombeza hunijibu kwamba nyumbani hakuna jambo ila taa na kunyamaza. Je, hakuna mchezo wenye utamu kama ule, usiokula fedha?"

Kijana huyo ana miaka 16, na sheria ya nchi yetu ya mwaka 2003 juu ya michezo ya kubahatisha yamkataza aliye chini ya miaka 18. Walakini mama hakuja kuniuliza sheria.

Nalimjibu upesi, na upesi ule ulikuwa kosa langu. Nalisema, "Mtafutie bao, mama." Bao ni mchezo wa heshima, wenye mashimo 32 na kete 64, nao wataka akili ya kuhesabu mbele. Yeye akanitazama, akasema, "Bao ni la watu wawili, Mwalimu. Mimi na wadogo zake tutakuwa watazamaji." Alisema kweli. Tena katika bao mjuzi humshinda asiyejua leo na kesho na kesho kutwa. Mtoto wa miaka 7 hana tumaini mbele ya babu yake. Wala kijana huyu hakuwa akitafuta ujuzi. Alikuwa akitafuta ile dakika ya kungoja, hali moyo unadunda.

Hapo ndipo nalipokumbuka bingo. Miaka mingi iliyopita nalicheza katika sherehe moja ya kukusanya fedha za bati. Tikiti ya kwanza nalinunua kwa ajili ya paa. Ya nne, nakiri, nalinunua kwa ajili yangu mwenyewe. Asiyeujua mchezo huu na asikie: kila mtu ana karatasi yake yenye hesabu, mnadi aokota hesabu bila kutazama, aitangaza, mwenye hesabu ile huifunika, na atakayetimiza mstari kwanza hupaza sauti. Huko Marekani karatasi ina mistari 5 ya vyumba 5, cha katikati ni kitupu, na hesabu huanzia 1 hata 75. Uingereza hufika 90, na kila karatasi ina hesabu 15. Husimuliwa kwamba mwaka 1929 mfanyabiashara mmoja wa vitu vya michezo, Edwin Lowe, aliwakuta watu wa Georgia, huko Marekani, wakifunika hesabu zao kwa maharagwe. Maharagwe, ndugu zangu, nayo yalitosha kuwakesheza!

Basi nalifikiri kwamba ukiiondoa fedha hauondoi mchezo. Watabaki watu wengi wakisikiliza sauti moja, mzee na mtoto wakiwa sawasawa, na yule aliyebakiza hesabu moja tu akijizuia asiinuke mkekani.

Twalijaribu nyumbani kwa mama yule. Twaliokota vizibo 75 vya soda, tukaviandika hesabu kwa wino, tukavitia katika kibuyu. Karatasi twalizikata katika maboksi ya dukani, na punje za mahindi ndizo za kufunikia. Usiku wa kwanza bibi wa nyumba ile alikaa kando, kwa kuwa hajui kusoma hesabu. Nalirudi kesho yake na karatasi za picha: kuku, jembe, mto, treni, mbuyu, na kadhalika. Bibi alishinda mara mbili, akatusimanga hata tukachoka.

Walimu nao waangalie jambo hili. Tangu karne ya 19 Wajerumani waliutumia mchezo wa namna hii kuwafundisha watoto. Mnadi asiseme 56. Aseme "saba mara nane," na mtoto atafute mwenyewe mahali pa kuweka punje. Nalijaribu na watoto wa jirani, wakaomba turudie. Sijapata kuombwa turudie jedwali la kuzidisha kwa njia nyingine yoyote.

Wenye watu wachache nyumbani watapendezwa na nyoka na ngazi, mchezo wa vyumba 100 uliotoka Bara Hindi, ambako zamani ngazi zilikuwa mfano wa wema na nyoka mfano wa uovu. Huo nao ni wa bahati, hata mdogo aweza kumwacha mkubwa nyuma. Dadu moja ya kuchonga yatosha. Na pasipo taa wala karatasi viko vitendawili: mmoja atega, wote wasikiliza, na wakishindwa humpa mji. Lakini hapo ajuaye vingi hutawala, hivyo si ndugu halisi wa bingo, labda binamu.

Watoto walidai zawadi. Mama alitaka kuweka karanga, nami nalisita, nikijua nilivyonunua tikiti ile ya nne. Twalipatana kwamba anayeshinda ndiye atakuwa mnadi wa mchezo ufuatao. Kumbe hiyo ndiyo iliyomvuta kijana. Usiku wa kwanza alisimama mlangoni akicheka. Wa pili hakuwapo. Wa tatu aliketi, akashinda, akashika kibuyu, akaanza kutangaza hesabu kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, nasi tukacheka mno.

Sitawadanganya, bado yako majuma ambayo hutoka usiku, na mama hajaacha kuficha fedha za unga. Ila Jumamosi iliyopita alirudi jioni mapema na vizibo vinane mfukoni, maana vya kwanza wadogo zake walikwisha vipoteza, akaomba wino.