Ndoana ya Manyoya

Kijana wako akikuomba manyoya ya shingo ya jogoo ili avulie samaki, usimcheke. Uko uvuvi wa namna hiyo, na hata watu wazima hujifunza kwa muda mrefu kabla ya kuuweza.

Katika Amerika ya Kaskazini, upande wa Bahari ya Pasifiki, yuko samaki aitwaye stilihedi, maana yake kichwa cha chuma. Huzaliwa mtoni, huteremka baharini kunenepa, kisha hupanda tena mtoni kutaga mayai. Ndugu zake wasiokwenda baharini ni trauti wenye rangi za upinde wa mvua. Jamaa za samaki hao wako hata Afrika Mashariki: trauti wa kwanza waliletwa Kenya mwaka 1905, wakatiwa katika mto Gura, milima ya Aberdare. Hao wa upinde wa mvua walifuata baadaye.

Mvuvi wao hufunga manyoya na nyuzi juu ya ndoana hata ifanane na inzi. Chambo hicho ni chepesi mno, hakirushiki kama jiwe. Mshipi wenyewe ndio mzito, nao ndio unaokibeba. Kwa hiyo mwanafunzi huanza nyasini, bila ndoana, amefunga kipande cha uzi tu. Huinua ufito, mshipi ukapita juu ya bega kwenda nyuma. Hapo hungoja kidogo mpaka unyoke, ndipo ausukume mbele. Asiyengoja, mshipi humwangukia kichwani, hata awe na nguvu za ng'ombe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Ukitaka kujaribu kwetu Ruvubu, simama ukingoni, penye uwazi, mbali kidogo na maji. Wenzetu wa Amerika huingia mtoni hata kiunoni, lakini mito yao haina mamba wala viboko.

Faida ya uvuvi huu ni kwamba samaki hutoka mmoja mmoja. Aliye mchanga au mwenye mayai hushikwa kwa mikono iliyolowa, akarudishwa upesi angali hai. Jambo hili latuhusu sana. Ningu wa Ziwa Victoria naye hupanda mito, Kagera ukiwa mmoja wao, ili atage wakati wa mvua. Nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito zilimnasa kabla hajataga. Mwaka 1965 mtaalamu Cadwalladr aliandika jinsi ningu walivyokwisha kupungua katika mto Nzoia, Kenya. Mama akiliwa pamoja na mayai yake, wavu wa mwakani utajaa nini?

Basi, siku utakapomshika samaki mwenye tumbo la mayai, hata kama sufuria iko mekoni, mrudishe majini. Watoto watakuuliza sababu. Waeleze.