Binzari Hotelini Inanukia, kwa Jirani Inanuka? Acheni Hizo!

Wadau, leo nina neno na mastaa wetu wa mjini, hasa dada mmoja ambaye sitamtaja. Wiki hii kaposti stori akilalamika kuwa jirani yake "ananukisha jengo zima" kwa mchuzi wa binzari, eti mapazia yake ya bei mbaya yameharibika. Mashabiki wakacheka weee, wengine wakamtukana jirani hata hawamjui. Kilichoniuma zaidi, mwenye nyumba kashampa yule mama onyo: aache kupika hivyo au ahame.

Sasa tuulizane. Dada huyu kwao ni Mahurunga, kule Mtwara, karibu na pale Mto Ruvuma unapoingia baharini. Watu wa pwani yote ile wanajua samaki wa nazi akikolea manjano na binzari anavyomwita mtu barabarani. Leo kapata geti na mlinzi, ndo pua imekuwa ya kizungu?

Kiswahili chetu kina kunuka na kunukia. Pilau la hotelini linanukia. Watalii wanakwenda Zanzibar, wanalipa hela wapelekwe mashambani kunusa karafuu, hiliki na mdalasini, na nyie mnakimbilia kupiga selfi nao. Viungo hivyohivyo vikitoka kwa mpangaji wa chumba na sebule, vinanuka! Hapo kilichobadilika si binzari, ni mkono ulioshika mwiko.

Na hao mnaowaiga yamewakuta. Uingereza mwaka 2001, Waziri wa Mambo ya Nje Robin Cook alisema chicken tikka masala ndiyo chakula cha taifa lao. Mwaka 2017 ikavuja barua pepe ya Fergus Wilson, mwenye mamia ya nyumba za kupangisha huko Kent, akiwakataza mawakala wasipangishe watu "wa rangi" kwa sababu ya harufu ya kari inayobaki kwenye zulia. Novemba mwaka huohuo mahakama ikamwambia hiyo ni kinyume cha sheria. Mzungu kapigwa stopu, sisi tunabaguana wenyewe kwa wenyewe ndani ya geti moja!

Sikatai, harufu inang'ang'ania. Viungo vinaachia mafuta yake kwenye mafuta ya moto, yanapanda na mvuke, yanatua kwenye vitambaa. Kijijini jiko likiwa uani, upepo unamaliza kazi. Mjini jiko liko hatua mbili kutoka kwenye kochi. Lakini hilo ni tatizo la dirisha, siyo la binzari. Funika sufuria, fungua dirisha, funga mlango wa chumbani. Jirani akizidisha, mgongee muongee kistaarabu. Na mwenye nyumba aliyejenga jiko lisilo na pa kutolea moshi ajiulize mwenyewe kabla ya kutoa onyo.

Dada yetu, futa ile stori na ukaongee na mwenye nyumba. Yule mama akitolewa, utakuwa umemhamisha mtu kwa kosa la kupika chakula cha kwenu. Na harusi ijayo tutakuona tu, sahani mbili za pilau, unalamba na vidole.

Haya, kwenye jengo lenu hali ikoje? Tiririkeni hapo chini.