Sini ya pai si sifuri, na msiilaumu maktaba

Jamani, hili suala haliishi? Kila baada ya miezi kadhaa naletewa "kosa" lile lile: mtu ameandika Math.sin(Math.PI) katika Java, akapata 1.2246467991473532E-16 (nukta, halafu sifuri 15 kabla ya tarakimu yoyote), basi anatangaza kwamba Java haijui hesabu. Eti afadhali ingempa sifuri.

Afadhali nini? Tarakilishi haina pai. Ina nambari ya biti 64 iliyo karibu na pai, na hiyo huanza 3.141592653589793115997. Pai yenyewe ni 3.141592653589793238462. Toa ya kwanza kutoka kwa ya pili uone utapata nini. Maktaba ya hesabu imekuambia kwa usahihi nambari yako imepungukiwa na kiasi gani, nawe unataka ikudanganye!

Wa kulaumiwa yuko kwingine. Prosesa za Intel zina amri ya kukokotoa sini, FSIN, ambayo ndani yake hutumia pai ya biti 66 tu. Ipe nambari hiyo hiyo, itajibu 1.2246063538E-16. Tarakimu tano za kwanza ni sahihi, zinazofuata ni takataka, ilhali biti 64 zina nafasi ya tarakimu kama 16. Na mwongozo wa Intel ulikuwa ukidai kwamba kosa halizidi biti ya mwisho! Ulirekebishwa baada ya Bruce Dawson kulianika jambo hilo mwaka 2014.

Java ilikataa mchezo huo. Masharti yake hayaruhusu sini ikosee zaidi ya biti ya mwisho, kwa hivyo pembe kubwa lazima ipunguzwe kwanza kwa pai yenye biti za kutosha, njia ambayo Payne na Hanek waliieleza mwaka 1983. Kazi hiyo inakula muda. Watu wakapiga kelele kwamba Java ni kobe, hadi James Gosling mwenyewe akaandika kueleza sababu mwaka 2005. Walipima kasi, majibu hawakuyapima.

Sipingi kasi. Unaandika gemu na unajua pembe zako ni ndogo? Tunga fanksheni yako ya haraka, uipe jina lake. Lakini usiifiche ndani ya maktaba kwa jina la sin. Anayeiita hajui ulichokata, na kosa litamtokea mbali sana na pale ulipoliacha. Kuna mwenzangu anayewasha -ffast-math katika kila mradi "ili mambo yaende mbio". Nilimuuliza ameokoa sekunde ngapi. Hajawahi kupima.

Kama unataka kuijaribu maktaba yako, andika sin(1e22). Nambari hiyo inaingia kikamilifu katika biti 64, hakuna kisingizio cha pai hapo. Jibu ni -0.8522008497671888. Ukipata kitu kingine, tafuta maktaba nyingine.