Ndoto ya Usukani Isichekwe

Mwanafunzi wa Kakamega akitamka darasani kwamba anataka kuwa dereva wa mashindano ya magari, aghalabu hujibiwa kwa kicheko. Wenzake humwita mwota mchana, naye mwalimu humkumbusha udaktari na uwakili. Kicheko hicho hakiizimi ndoto yake. Huifukuza tu darasani, ikajifunzie kwa wale wanaodhani kwamba kuyapita magari konani kwa pikipiki, katika barabara ya Kisumu, ndio udereva hodari. Wangapi tumewazika kwa dhana hiyo?

Mfano mwema hauko mbali. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka wa 1932, akawa fundi wa magari kabla ya kuwa bingwa. Mwaka wa 1965, yeye na nduguye Jaswant walishinda Safari Rally kwa gari kuukuu aina ya Volvo. Alishinda tena mwaka wa 1974 na wa 1976. Mashindano yale yalikuwa maelfu ya kilomita za vumbi na matope, na wengi wenye pupa waliishia mitaroni. Joginder alilijua gari lake, akalitunza hadi mwisho.

Basi tabia impasayo dereva wa mashindano si ujuba. Ni subira, nidhamu na utiifu, kwa maana hata bingwa hufuata maelekezo ya msoma ramani aketiye kando yake. Kijana asiyeambilika hafai kukabidhiwa usukani.

Ni kweli kwamba mchezo huu ni ghali. Maxine Wahome, aliyeshinda daraja la WRC3 katika Safari Rally ya 2022, ni binti wa dereva wa mashindano hayo. Mtoto wa mkulima wa miwa hana mlango huo. Hata hivyo, mlango wa ufundi u wazi kwake, na chuo cha Sigalagala ki papa hapa. Asipofika mashindanoni, atakuwa na kazi ya mikono yake.

Kwa hivyo, walimu, msimcheke. Mpeni swali la fizikia: gari likiongezwa kasi maradufu, litahitaji umbali gani kusimama baada ya breki kukanyagwa? Akigundua kwamba ni mara nne, wala si mara mbili, atakuwa ameanza kujifunza udereva.